Mlango wa Jikoni Uliofunguka Ukumbini

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina ninalojulikana kwalo: Binti Seremala. Umri: miaka 34. Kazi: msanii. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya karakana ya baba.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nane mchana, nilikuwa katika ukumbi wa maonyesho. Kazi yangu pale ni milango niliyoiokota nyumba za mtaa wa chini zilipobomolewa kupisha barabara. Niliisimamisha, nikaipigilia misumari isifunguke. Mtazamaji huambiwa apige hodi, asubiri. Hajibiwi. Nilitaka auonje ukimya ule.

Mama huyu mliyemketisha kwenye benchi aliingia peke yake. Akasimama mbele ya mlango wa kijani, akapapasa kitasa. Akasema, "Huu ni wa jikoni kwangu." Akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena. Kisha akausukuma kwa bega hadi misumari ikang'oka na bawaba moja ikavunjika, akapita.

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nikapaza sauti, "Mama, unaniharibia kazi!"

Akajibu kutoka upande wa pili, "Mwanangu, mtu abishe hodi kisha aachwe nje? Hebu piga wewe."

Watu wote walinikodolea macho. Nikapiga hodi.

"Karibu, pita ndani."

Nilipita. Alinishika mkono akanionyesha jiko lilipokuwa. "Na hapa ndipo marehemu mume wangu alikuwa akikaa, akinizidishia chumvi kwenye mboga kila nikigeuka." Alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Nilipogeuka, watu walikuwa wamejipanga. Kijana mmoja mwenye tai alibisha mlango mwingine, na dada asiyemjua akakimbia kwa nyuma kumwitikia. Ukumbi ukajaa sauti. Ndipo meneja wa ukumbi alipofika, akaona bawaba, akapiga simu kwenu. Simlaumu, aliogopa mtu angeumia.

Sina malalamiko juu ya mama. Mlango ulikuwa wake kabla haujawa wangu. Bawaba nitaibadilisha, na misumari yote iliyobaki nitaing'oa. Nimemwomba awaalike majirani zake wa zamani. Ameniuliza kama waje na viti vyao.

Niliyoyashuhudia ni hayo. Nimesomewa, nami nakiri ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo yameandikwa nami, koplo wa zamu. Meneja amefika kituoni na kuondoa lalamiko lake. Mama ameachiwa huru. Ametuaga wote mmoja mmoja, na mahabusu pia.