Farasi wa Kwato Tatu

Shangazi, shikamoo. Huku Cedar Hill jua linachoma kama la Voi.

Jirani yetu, mzee wa Kihindi, anadai babu yake alipigana Taita zamani za vita na Mjerumani, akiwa katika kikosi cha wapanda farasi wa Mwingereza. Sikumwamini, huku ughaibuni kila mtu ana babu shujaa. Nikamuuliza farasi waliishia wapi. Akasema mbung'o waliwamaliza, na kila askari alimkata farasi wake aliyekufa ukwato mmoja ampelekee mkubwa wake, asije akashukiwa amemuuza. Nikazidi kumshuku, hadi alipofungua mkebe wa biskuti akanionyesha ukwato ambao babu yake aliomba arudishiwe.

Uliposimulia kwamba babu yako alizika farasi wenye kwato tatu, mimi ndimi niliyecheka. Ukienda kupalilia kaburi lake, mwambie namwamini.

Mwanao akupendaye,
Wakesho