Denis na wasifu wa Babu

Ester, Denis katuua! Tuko msibani Kirua, mchungaji anasubiri wasifu wa Babu.

Babu mwenyewe ndiye aliyemsimulia Denis maisha yake kabla hajafa, Denis akayaandika kwenye kompyuta. Leo kaka yangu huyo akataka kuondoa mistari iliyojirudia kwa ile programu ya kompyuta ya kuandikiwa amri, aliyoitunga chuoni. Akaiambia isome faili la wasifu, matokeo iyaandike kwenye faili lilelile. LILELILE, Ester!

Kumbe programu yake inafuta kwanza kilichomo kwenye faili la kuandikia, ndipo inasoma. Isome nini tena? Na nakala hakuna!

"Herieth, faili lipo ila halina kitu." Anarudia hilo tu.

Ameitwa. Amesimama na kompyuta mbele ya watu. "Babu yetu alizaliwa mwaka..." Kakwama. Ananitazama, mimi namtazama Bibi, Bibi anatikisa kichwa.

Anayeujua huo mwaka yumo kwenye jeneza.