Tanuru la Mwisho Nyamiaga

Jumatatu, 1 Septemba
Kupanga tofali mbichi hadi saa saba, mimi na dada yangu Skolastika. Mgongo hoi. Bado safu mbili za juu. Safari hii si za duka la mtu wala darasa, ni za nyumba yangu. Miaka ishirini na mbili nafyatulia wengine, mwenyewe nalala ndani ya miti na udongo.

Jumanne, 2 Septemba
Mtendaji wa kata kaja na barua. Kijana mpole.
"Shikamoo mama. Hapa sasa ni mjini, moshi marufuku. Bomoa tanuru ndani ya siku saba."
"Marahaba. Na huo mji mmeujenga kwa kitu gani?"
Kaniachia barua, kaondoka. Nimekasirika hadi chai imenishinda. Nilipoanza, hapa palikuwa njia panda, migomba na duka moja la chumvi. Zahanati, shule, gesti, hata ofisi yake, vyote udongo wa bonde hili. Kimekuja kiwanda cha tofali za saruji, basi sisi tumekuwa uchafu.

Jumatano, 3 Septemba
Mawingu upande wa Burundi. Mvua ikitangulia, tofali zote zinarudi kuwa tope. Skolastika anaogopa, anataka tukaombe kibali. Siombi. Kesho tunawasha.

Alhamisi, 4 Septemba
Tumewasha saa mbili asubuhi. Makusudi. Moshi hadi barabarani.

Ijumaa, 5 Septemba
Mtendaji karudi na mgambo wawili, na ndoo za maji. Nimekaa mbele ya mdomo wa tanuru, sikusogea. Nikamwambia aende nyuma ya ofisi yake, pasipopigwa lipu, atazame tofali zenye alama ya vidole vitatu. Ni vyangu. Akishaviona, aje anizimie. Wakaondoka. Nimekaa pale pale hadi adhuhuri. Hawakurudi.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya misa, mvua kubwa. Tanuru tulishaliziba jana na kulifunika mabati. Imenyesha bure.

Jumatatu, 15 Septemba
Barua ya pili. Bonde limepimwa viwanja, hakuna kuchimba udongo tena. Kazi yangu imekwisha. Nimelia, sioni aibu. Kisha nimefungua tanuru. Zimeiva. Nyekundu hadi katikati.

Jumamosi, 27 Septemba
Msingi wa mawe tayari. Leo safu ya kwanza. Tofali ya mlangoni nimeigeuza mwenyewe, vidole vitatu vitazame njiani. Fundi anauliza lipu tutapiga lini.
Hatupigi.