Usiguse Beseni la Dirishani

Baba watoto,

Nimewahi kazini, chai iko kwenye chupa. Beseni lenye maji na kioo ni jaribio la binti yetu la shule: jua likipiga, rangi za upinde wa mvua zinatokea ukutani.

Sasa sikia ya jana! Nilimwambia aguse nyekundu, akagusa kijani. Nikadhani utani. Akashangaa: "Mama, si ni rangi moja?"

~~Usimuulize kitu.~~ Muulize, kisha ujibu na wewe. Maana wewe, fundi cherehani mzima, kila nguo unaniita: "Nichagulie uzi, mke wangu, macho yako hayakosei." Nikajiona malkia! Kumbe rangi hizo huzioni!

Ungeniambia tu, jamani.

Nyuzi nyekundu nimezifunga fundo. Za kijani hazina.

Mama watoto