Maswali ya Dokta Claudette

Kilibula, Uvira, tarehe 4 Machi 2024

Mama yangu,

Habari za Luberizi? Mugongo umepoa kidogo? Huku minye niko muzima, ni kazi tu iko inanichosha. Lopitali yetu imeleta dokta mupya, Claudette, ametoka Bukavu. Iko anaita wafanyakazi mumoja mumoja, anauliza: unalala vizuri? Unaogopa kuja kazini? Anasema anataka kusaidia muntu mbele ya kugonjwa. Lakini mukubwa gani wa kazi anaulizaka usingizi wako bure? Blandine, mwenzangu wa chumba cha watoto, alisema kweli, kwamba usingizi umemukimbia. Wiki ileile hatukumuona tena. Nijibu nini?

Binti yako, Noella

Luberizi, tarehe 9 Machi

Noella mwanangu,

Nakusalimu sana, na majirani wote. Mugongo uko afadhali, mupunga umeanza kukomaa. Sema unalala. Sema kazi unaipenda. Hao wakubwa wa kazi wako wanatafuta wenye kuchoka ili waingize ndugu zao. Blandine si amekuonyesha? Kula vizuri.

Mama yako, Georgette

Kilibula, tarehe 2 Aprili

Mama,

Natumaini muko salama nyumbani. Nilijibu vile ulisema. Dokta aliandika, akanitazama muda murefu, nikatoka nikishukuru Mungu.

Juzi asubuhi, zamu yetu ya usiku ikiisha, nilitundika chupa ya serumu ya mutoto mumoja kwa mwenzake. Mama ya mutoto ndiye aliona, akanishika mukono. Mutoto iko muzima, lakini minye nilienda kulia nyuma ya chumba cha dawa. Mwenye alifungua mulango wa nyuma ni Blandine. Kumbe walimutoa kwenye zamu za usiku, iko anagawa dawa asubuhi, saa sisi tumeshatoka. Hata amenenepa.

Nikarudi minye mwenyewe kwa dokta, nikamwambia yote. Aliuliza kitu kimoja tu:

«Nani alikufundisha kusema unalala?»

Sikukutaja, Mama. Amenipa mapumziko ya wiki mbili, mushahara haukatwi. Na bado naogopa. Nikirudi, sitakuta muntu mwingine pa kwangu?

Binti yako, Noella

Luberizi, tarehe 6 Aprili

Noella,

Sikuulizi hali, nimeisoma. Ungemutajia jina langu. Hawezi kunifukuza kwenye mupunga. Huyo dokta minye bado simwamini. Muntu alipwe juu ya kulala? Lakini panda gari kesho, usingoje barua ingine. Huku hutagusa jembe, utalala tu. Minye nitakuwa naenda Uvira siku za soko, nachungulia nani ameketi pa kwako.

Mama yako