Sindano Ibaki Huko

Tarehe 4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa miezi mitatu bila kukuandikia hata mstari. Kalamu nilikuwa nayo. Nilikuwa na jambo la kusema na sikujua nilianzie wapi, na kila nikilianza kwenye simu unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata katikati, kwa hiyo keti.

Huku hatujambo. Kibibi ametimiza miezi mitano, anajigeuza mwenyewe, meno bado lakini mate yanatosha kufulia nguo. Baba yake yuko safarini na lori, anarudi kila wiki mbili na vumbi na usingizi. Mimi nimerudi kazini, nyumba ile ile ya wageni, napiga pasi mashuka. Mtoto namwacha kwa jirani wa mlango wa pili. Kuna saa nayaangalia yale mashuka natamani na mimi nikunjwe mara nne, niwekwe kabatini, mlango ufungwe. Wewe je, mgongo unasemaje?

Sasa jambo lenyewe. Umemwambia mume wangu kwamba mvua zikiisha unakuja kumtoga Kibibi masikio. Mama, usije kwa hilo. Njoo umwone, umbebe, umharibu kwa kumdekeza upendavyo, lakini sindano ibaki huko. Nitampeleka kliniki. Nesi anayechanja watoto ndiye anayetoga, siku za Jumatano. Sindano mpya anaitoa kwenye pakiti unaona, akimaliza anaitupa unaona. Kuna na duka la simu hapa barabarani wanatoboa kwa kibastola, nimesimama nikaliangalia siku mbili nikitoka kazini: kibastola hicho hicho kwa kila anayeingia, na kijana anakifutia kwenye shati lake. Huko siendi. Na kwako siji.

Najua kitakachosemwa. Mtaa mzima huko wanawake wanavaa hereni kwa mkono wako, mpaka jina lako la ubatizo wamelisahau wanakuita Mama Sindano, halafu binti wa Mama Sindano ampeleke mwanawe kwa mgeni. Waseme. Mimi ndiye niliyemzaa, na ninayeamka naye.

Mwanao,
Mama Kibibi


Tarehe 18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma nimeketi, kama ulivyoniamuru. Siku hizi watoto ndio wanaotukalisha wazazi. Mgongo upo mahali pake. Macho pia yapo, bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani, endapo ulitaka kujua.

Miaka thelathini na mmoja natoga watoto wa watu. Mimi sikurupuki nikadunga. Nakaa na mtoto kwanza mpaka acheke, kwa sababu mtu akicheka masikio huinuka, tena si sawasawa. Asiyejua hilo huweka alama mtoto akiwa amenuna, akikua hereni moja inatazama mbinguni na nyingine inatafuta sarafu chini. Huyo nesi wako anamchekesha mtoto, au anasema tu anayefuata? Sindano nachemsha, uzi nachemsha, mikono naosha mpaka viwikoni. Hujasikia mtoto aliyeoza sikio kwangu.

Juzi mwenye duka ameiona picha ya Kibibi kwenye simu yangu, akaniuliza mjukuu wako wa kiume ana umri gani. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani sikula.

Na kuhusu sikio lako la kushoto na kinundu chake, maana najua ndilo lililoiandika ile barua: ulikuwa unakwaruza. Nilikukataza kwa maneno, nikakukataza kwa kiboko, na ukakwaruza. Sindano yangu isisingiziwe.

Gari nimeshaliulizia. Nakuja.

Mama yako


Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kabla hujapanda gari. Mtoto hajambo, mafua yamempitia tu yakaendelea na safari. Naandika nimekaa kwenye furushi la foronya, wakati wa mapumziko ya chakula, kwa hiyo mwandiko uusamehe.

Jumatano nilikwenda kliniki. Nesi alikuwa ameshika pakiti, hajaichana. Nikainama kumvua Kibibi kofia, nywele zangu zikasogea, akaliona sikio langu. Akaiweka pakiti chini. Akaniomba ruhusa, akakishika kile kinundu. Unakijua, kilikuwa punje ya harage nilipoanza shule, sasa ni kama ncha ya kidole gumba. Akaniuliza kilianza lini. Nikamjibu ulivyonijibu wewe, kwamba nilikwaruza. Akasema mtoto anaweza kukwaruza mpaka atoke damu na asipate kitu kama hiki. Ngozi za watu wengine hazijui kuacha kupona, zinaendelea tu kujijenga. Na mara nyingi jambo hilo linatembea ndani ya ukoo. Akaniuliza nani mwingine kwetu analo. Nikasema hakuna. Akasema nenda ukamwulize mama vizuri, halafu rudi.

Basi nakuuliza vizuri. Kuna mwingine?

Mama, mimi nimelala na soksi mikononi mpaka nikafika darasa la pili. Ulikuwa unazifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono, nisizivue. Asubuhi ulikuwa unaangalia kucha zangu kabla sijakuamkia. Nimekua nikijua kwamba uso wangu niliuharibu mwenyewe. Kazini nafunga nywele upande mmoja kama pazia, kwenye mvuke wa pasi, jasho linanitiririka shingoni. Kwa hiyo usinijibu haraka. Nijibu kweli.

Ukija utapokewa kwa mikono miwili. Kitanda utalala wewe. Lakini Kibibi hatogwi na mtu kabla ya jibu. Si nesi, si wewe.

Mwanao,
Mama Kibibi


Tarehe 14 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa najua hii hutaiitikia.

Umeondoka bila kuniaga na bila kumaliza chai. Uliyoyaona ukiwa umekaa mkekani unayajua. Nakuandikia yaliyoonekana kutoka mlangoni, kwa sababu uliyapa mgongo.

Siku ya kwanza nilikuuliza lile swali, ukasema umechoka na safari. Siku ya pili nilikuuliza, ukasema tule kwanza. Siku ya tatu nilikwenda kazini, nikamwacha mtoto kwako badala ya kwa jirani, kwa sababu wewe ni mama yangu, nikimwacha kwako nimemwacha kwangu. Saa nane umeme ukakatika, pasi zikapoa, msimamizi akaturudisha nyumbani. Ungekuwepo umeme, leo Kibibi angekuwa na uzi masikioni.

Nilikuta viatu vya watu mlangoni. Ndani, wanawake wanne wamekaa kama wako kwenye maonyesho. Jirani wa mlango wa pili amempakata mwanangu, anamtekenya, na mwanangu anacheka kwa moyo wake wote. Kwenye kila sikio nukta moja ya kalamu ya bluu. Na wewe umeinama, sindano mkononi, unasubiri kicheko kifike pale unapopataka.

Nilisema, "Mama, weka sindano chini."

Ukasema, "Unaniaibisha mbele za watu?"

Nikasema, "Mbele za watu ndiko ulikoipeleka wewe."

Nukta zile nilizifuta kwa mate yangu, mmoja wa wale wageni akasema haya ni ya mama na mwana, wote wakaanza kugombania viatu. Usidhani nilijizuia kwa kukuogopa. Nilikaribia kukunyang'anya sindano, na sijawahi kukunyang'anya kitu.

Mlangoni ulisema sina heshima. Ninayo. Ndiyo iliyosema weka chini.

Swali langu liko pale pale. Sitaliuliza tena kwa mdomo, na kabla hujalijibu sitapokea mzigo wala salamu ya mtu wa kati.

Mwanao,
Mama Kibibi


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Na ile ya Aprili pia, marahaba.

Nimeichana hii mara tatu. Leo nimeamua nikifika chini ya karatasi nisisome nilichoandika juu.

Yupo. Mama yako mdogo. Unajua hajawahi kuvua kilemba mbele yenu, mkawa mnasema ni mtu wa kujiheshimu. Ana vinundu masikio yote mawili. Kimoja alikatwa na daktari, kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. Na bibi yako mzaa mimi alikuwa nacho kimoja, nyuma ya sikio la kulia, akatuambia ni mdudu alimuuma utotoni. Mimi sina. Nilipita katikati yao kama mtu aliyekwepa mvua.

Mama yako mdogo alitogwa na bibi yako kwa mwiba. Nilipoyaona masikio yake nikasema ni uchafu wa ule mwiba. Ndivyo nilivyoanza kazi hii, mwanangu. Nilitaka kuonyesha kwamba mtu akichemsha na akaosha mikono, hakuna kitakachotokea. Na kweli, kwa watoto wa watu hakikutokea. Wewe nilikutoga una miezi minne, mbele ya wateja, nikiwa na fahari. La kulia likapona. La kushoto likaanza kuota.

Nilijua. Siku niliyoligusa likiwa gumu kama gegedu, nilijua si mwiba na si uchafu. Lakini nilikuwa na watoto kumi na mmoja wamepangwa kwa wiki ile, na jina limeanza kutembea. Nikasema umekwaruza. Nikalisema mbele ya baba yako, mbele ya majirani, nikakuvika soksi ili na mimi mwenyewe niamini. Hukuwahi kukwaruza. Ulikuwa unaligusa tu, kama mtu anayetaka kujua ni nini.

Kwa Kibibi nilikuja haraka kwa sababu ya barua yako ya Machi. Nilifikiri nikimtoga na yeye akapona salama, lile swali litakufa lenyewe. Ndivyo nilivyofikiri, na nimekuwa bibi mtu mzima.

Mzigo nimemkabidhi dereva, ukitaka upokee, hutaki urudi.

Mama yako


Tarehe 16 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mzigo nimeupokea. Hatujambo wote, Kibibi anatambaa kinyumenyume kama anayeogopa kumpa mtu mgongo. Mama mdogo nimempigia. Hatukusema mengi. Aliniuliza langu linawasha wakati wa baridi, nikasema ndiyo, akasema na yeye, na hela ya simu ikaisha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya kwanza nimesimama, nikakaa. Nimelia nikiwa napiga pasi, ikabidi shuka moja nilirudishe likafuliwe. Halafu nikakasirika. Bado nimekasirika, mama, na sitaki unibembeleze. Nitakasirika mpaka itakapoisha yenyewe, na wakati huo nitakuwa nakupenda, maana haya mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana.

Jumatano nikampelekea nesi majina yote. Akayahesabu vidoleni: bibi, mama mdogo, mimi. Akaniambia mtoto huyu anaweza akatogwa na akapona kama wewe ulivyopona, na anaweza akawa kama mimi, na hakuna anayeweza kuniapia. Akasema uamuzi ni wangu. Pakiti aliirudisha kwenye trei haijachanwa. Nikambeba mwanangu tukatoka.

Kwa hiyo sikia, kwa sababu nimebadilika na sitaki usikie kwa mwingine. Ile barua yangu ya kwanza nilikuwa nagombana na wewe juu ya mahali na sindano, ya nani ni safi. Nimekosea. Sindano yako ilikuwa safi kama ya kliniki. Mkono wako haukunidhuru, mama. Ulichonidhuru nacho ni kunyamaza. Kibibi hatatogwa kwako, hatatogwa kliniki, wala popote ambapo mimi ndiye ninayempeleka. Masikio yake yatakaa kama alivyokuja nayo. Akiwa mkubwa wa kuelewa nitampa sikio langu alishike, nitampeleka kwa mama mdogo afunuliwe kilemba, na wewe utamsimulia mwenyewe, kwa mdomo wako. Baada ya hapo achague: atogwe, asitogwe, kwa nani, kwa kitu gani. Akisema ndiyo, nitamshika mkono. Akisema hapana, atakayemcheka atanipitia mimi.

Baba yake ameniuliza watu watajuaje kwamba ni msichana. Nimemwambia wamwulize, hivi karibuni ataanza kusema.

Mimi nywele nimezifunga juu, zote. Siku ya kwanza kazini msimamizi aliniangalia sikio wakati anaongea nami kuhusu foronya. Nikamwacha aangalie mpaka akamaliza, ndipo nikamjibu kuhusu foronya.

Na wewe hutaacha kazi, wala sikuombi uache. Nakuomba hili moja, tena si ombi. Kabla hujachemsha sindano, mwambie mama wa mtoto akuonyeshe masikio yake, na umwulize ya mama yake na ya dada zake. Akiona unapoteza muda, mwambie kwa nini. Mwambie ni binti yako. Jina lako litapungua kidogo. Lipungue.

Ule mzigo ulikuwa mzuri, lakini haukutosha. Ninavyohitaji bado ni hivi: flaneli nne za kumfutia mate, zisizo na maua, yanachuja. Sabuni ya kipande, miche miwili, ile isiyo na harufu. Kijiko kidogo cha plastiki, cha chuma anakiogopa. Ile orodha ya vinundu vya ukoo uiandike upya kwenye karatasi safi, majina na umri waliotogwa tu, bila kujitetea na bila kuomba radhi, niiweke ndani ya kadi yake ya kliniki. Picha moja ya mama mdogo bila kilemba, akikubali, na asipokubali usimlazimishe. Na kofia ya sufu ya kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja, rangi uchague wewe, ila uifume iishie juu ya masikio.

Mwanao,
Mama Kibibi