Hatua Tano kutoka kwa Mama

Dada mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana najua barua unazisoma umesimama jikoni na viatu vya kazini bado viko miguuni. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yule mzee unayemtunza bado anakurushia vijiko? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na usifurahi, kwa kukonda bado sijakufikia. Kijiti ni wewe peke yako na jina hilo halitaki mshindani. Mama yupo. Nitafika kwa mama. Usiruke mistari, nakujua.

Umeniuliza mara tatu lenzi nimeionaje, na mara zote tatu nimekujibu kwenye simu kwamba ni nzuri, asante. Ukanisuta, ukasema najibu kama mtu aliyepewa kipande cha sabuni. Ulikuwa na haki. Leo nakujibu kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa haya ninayotaka kusema sitayamaliza.

Lenzi ilifika salama. Mwenzako wa kazini aliileta imeviringishwa kwenye soksi tatu za sufu, na mbili kati yake nimezivaa hapa ninapoandika. Ni nzito kuliko nilivyodhani; nikiifunga, kamera inainamisha pua, na jioni kiganja cha kushoto kinaniuma. Kioo cha mbele ni kipana kama mdomo wa kikombe na hakina hata mkwaruzo mmoja. Pete yake ya kulengea ni ngumu kidogo asubuhi, ikishashikwashikwa inalainika. Mota ina kelele kidogo. Wewe si fundi lakini macho unayo, ulichagua vizuri dukani.

Jambo la kwanza wateja wanaloniuliza ni kama inavuta. Haivuti. Ni ya milimita themanini na tano tu, sawa na ile ya mama iliyoliwa na ukungu kabatini. Ukitaka mtu awe mkubwa pichani unamwendea kwa miguu yako, ukitaka awe mdogo unarudi nyuma. Na studio yangu unaijua ilivyo, ukipiga chafya ukuta wa pili unajifuta. Kutoka kwenye stuli hadi mlangoni ni hatua nne, na lenzi hii kwa picha ya kuishia kiunoni inataka tano. Basi nimebandika plasta nyeupe sakafuni, nje ya kizingiti, ndipo ninaposimama. Picha za mwili mzima ninazipiga kutoka ng'ambo ya ujia, ndani ya duka la fundi cherehani, nikiwa katikati ya sanamu yake isiyo na kichwa na pasi yake ya moto. Fundi anasema siku hizi nashinda dukani kwake kuliko mkewe, na kwamba watu wataanza kusema. Nimemwambia waseme, ilimradi wasipite mbele ya lenzi. Juzi bwana harusi alikuwa ameshakaa sawa, kidevu juu, mtu akakatiza na godoro kichwani. Ile picha ninayo, nikizidiwa huwa naitazama nicheke.

Lakini inachotoa, dada, sina la kusema. Pua ya mtu inabaki saizi yake, haivimbi kama kwa ile lenzi yangu ya zamani. Ukuta wangu uliobambuka rangi unayeyuka nyuma ya mtu mpaka unadhani nimetundika kitambaa cha bei. Karani mmoja alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa aibu kama anaweza kupata kubwa zaidi, kwa sababu hajawahi kujiona hivyo. Mama muuza mitumba yeye alinijia juu, akadai nimemwongezea mikunjo. Nikamjibu kwamba mashine haiongezi kitu, inakabidhi tu ilichokikuta.

Kasoro pia inazo, na wewe unapenda kuambiwa kasoro. Mtu akiwa na dirisha nyuma yake, kingo za nywele zinaota rangi ya zambarau. Tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa, jicho moja linakuwa kali na la pili linaanza kupotea. Na ukimkaribia mtu mno inakataa. Ukiwa karibu kuliko hatua moja inahangaika, inakwenda mbele, inarudi, haishiki chochote. Ni lenzi ya kumpendea mtu kwa mbali. Hilo nililiona kasoro ndogo mwanzoni.

Sasa nakuja kwa mama.

Ulitaka picha ya kwanza iwe yake, na nilitii. Siku ilipofika nilimpelekea chumbani, nikaiweka mapajani mwake. Unajua kwamba wakati ule alikuwa tayari anamwuliza muuguzi anayekuja nyumbani kile chumba ni cha nani, na kijiko alikuwa anakishika kwa ncha. Lakini lenzi aliichukua kwa mikono miwili, akatoa kifuniko kwa kidole gumba, akaigeuzia dirishani na kuchungulia ndani kutafuta ukungu, vilevile alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto na studio ni yake. Akasema ni safi. Nililia jikoni siku ile, kwa furaha, nikadhani mikono imetangulia na akili iko njiani inakuja.

Wiki iliyofuata nikampiga ile picha ya dirishani, ile uliyoitundika juu ya kitanda chako. Uliniandikia kwamba tangu uondoke, miaka kumi na mmoja, hukuwahi kumwona akitabasamu hivyo, ukauliza nilimwambia nini. Nikakudanganya kwamba nilimkumbusha siku mjomba alipokalia keki. Sikumwambia kitu, dada. Nilisimama hatua tano kutoka kwake, kwenye ujia wa nyumbani nje ya chumba chake, kamera imenifunika uso, na yeye akatabasamu mwenyewe kwa meno yote yaliyobaki. Nikabonyeza. Kisha nikashusha kamera ili anione, na tabasamu likazimika hapohapo, akanitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mtu mliyepanga naye foleni hospitalini. Nikainua tena kamera, likarudi. Nikashusha, likaondoka. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne aliniita, akauliza, Kijiti, umekula?

Kwa mbali, na uso umefunikwa, mimi ni wewe. Mabega yetu ni yale yale ya baba, kusimama kwetu ni kumoja, hata wewe ulikuwa ukilalamika. Nikimkaribia ninageuka mtu anayekuja kumwogesha. Na mtu anayemwogesha hampendi, humkwaruza, humng'ata, humwita mwizi wa vitambaa vyake. Hilo pia sikukuambia. Nilikuwa nakwambia anakula vizuri.

Nikuambie na la simu. Nilikuambia tuache kumpa simu kwa sababu inamchanganya, na ni kweli ilikuwa inamchanganya, alikuwa anaigeuza kukutafuta upande wa nyuma. Lakini si hilo lililonifanya niiache. Niliiacha kwa sababu kila ukikata, alishinda siku nzima mlangoni na mkoba wake begani, akisema Kijiti amefika chini anatafuta mlango, nendeni mkampokee. Na mimi niko hapo, nimeshika kopo la maji na taulo. Miaka kumi na mmoja niko hapo. Jina langu alilitaja mara ya mwisho lini hata sikumbuki, kwa sababu wakati ule sikujua kwamba ni la kuhesabu.

Mwezi wa pili uliniuliza swali moja, ukalirudia mwezi wa tatu, na wa nne. Uliuliza uvunje mkataba uje sasa, au usubiri uishe mwezi wa nane. Ulisema nikuambie ukweli tu, kama bado anakukumbuka utakuja hata kwa miguu. Na mara zote nilikujibu usubiri. Nilisema ana nafuu, ana muda, na kwamba hakutaji sana, usijisumbue. Dada, alikuwa anakutaja kabla hajafumbua macho. Nilikuwa nasikia kutoka chumba cha pili.

Nilikuzuia kwa makusudi. Usinitafutie sababu nzuri, najua utanitafutia. Nilitaka miezi michache bila wewe ndani ya nyumba, nione kama nikivumilia, nikimlisha taratibu, nikimpiga picha kila Ijumaa, itatokea siku moja atanitazama na kuniita Mbishi. Mara moja tu. Halafu ningekuita uje. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kukuita. Wivu wa mtu mzima ni kitu cha aibu, lakini ndio huo, nimeuandika.

Wiki sita zilizopita, Ijumaa alasiri, nilimkalisha chumbani kwake kwenye kiti cha baba, mwanga wa dirisha ukiwa laini. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nahangaika na pete, na mama akasema, "Rudi."

Unakumbuka alivyokuwa akinifundisha kazi. Wewe ulikuwa kwenye vitabu vyako, mimi nimesimama nyuma ya kamera yake nikiwabana wateja mpaka wanakosa paji la uso. Yeye hakuwa na maneno mengi, alisema rudi, basi, mpe mtu nafasi. Siku nzima rudi, rudi, mpaka nilikuwa nalisikia usingizini. Hilo neno lilikuwa langu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuambiwa rudi na mama kwa sauti ile. Nikajua amenikumbuka, amenirudisha kazini, mimi, siyo wewe. Nikapiga hatua moja nyuma.

Akasema tena, rudi. Nikarudi, nikavuka kizingiti, nikaingia ujiani. Akasema rudi kwa nguvu zaidi, na mimi nacheka na machozi yananitoka chini ya kamera, nikamjibu ndiyo mama, narudi, nipo. Nikarudi mpaka mgongo ukagonga ukuta, hakuna pengine pa kurudi. Hapo akanyoosha mkono wote mbele, akasema, "Kijiti, rudi. Mwanangu, unakwenda wapi tena?"

Alikuwa ananiita nije. Alikuwa anakuita wewe uje. Mtoto wake anaondoka kinyumenyume mbele ya macho yake, na kila akimwita anazidi kwenda mbali.

Na nikabonyeza. Hili ndilo lisilonitoka. Ningeweza kudondosha kamera, nikakimbia hatua nane, nikamshika ule mkono. Hata kama angeniona mimi, mkono ungekuwa umeshikwa. Lakini nilikasirika. Neno langu moja lililobaki, na lenyewe lilikuwa lako. Nilibaki ukutani, nikabonyeza, kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo. Niliporudi mkono ulikuwa umeshuka mapajani, naye anatazama sakafu.

Hajasema neno tangu siku ile. Siyo kwamba amekasirika, hata mimi nilijidanganya hivyo wiki ya kwanza. Daktari alimpima, akaniambia kwa upole kwamba kwa ugonjwa huu maneno yakishaondoka hayarudi. Nikamwuliza kama angekuja mtu anayempenda sana. Akasema anaelewa kwa nini nauliza, lakini hapana. Sasa hatazami dirishani, hageuki akisikia mlango. Nimesimama hatua tano kutoka kwake na kamera usoni, nimesimama tatu, nimevaa lile gauni lako la kijani uliloliacha. Hakuna kitu. Ananiangalia sawasawa nikiwa mbali na nikiwa karibu.

Picha nimekutumia humu ndani ya bahasha, kwenye karatasi ya bluu. Usitafute uso, haupo. Tundu nilikuwa nimelifungua lote, na mashine huchukua kilicho mbele zaidi, kwa hiyo ni mkono tu uliotoka mkali. Utaona mshipa wa kidole cha pete na kovu la mkasi. Uso wake nyuma umeyeyuka kama ukuta wangu wa studio. Kwa kazi yetu, hiyo ni picha iliyoharibika. Nimeitengeneza moja tu, nayo ni yako.

Ndivyo nilivyoiona lenzi, dada. Haina kosa. Jana nimeifunga kwenye ile soksi ya tatu na kuiweka kabatini, na wateja nimewaambia imekwenda kwa fundi wa kamera.

Hukuandikiwa ukweli wakati ukweli ulikuwa na faida. Ukija sasa hatakujua, na mimi sitakuwa na la kukuambia mlangoni. Lakini alisema neno, lilikuwa lako, nami nimekaa nalo wiki sita kama mtu aliyepokea mzigo wa jirani akaufungua. Nakukabidhi kama lilivyotoka kinywani mwake, bila kuongeza wala kupunguza: rudi.

Fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama bado una kiuno. Muuguzi naye anakusalimu ingawa hakujui, anakujua kwa jina tu, kwa sababu alilisikia mara nyingi. Jifunike kifua asubuhi, na mzee wako mshike mkono anapokurushia vijiko.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi